Ushahidi wa Fyuzi: Mwongozo wa Kuchunguza Rektifaya na Valvu za Amplifaya ya Gitaa

Mpigaji gitaa aliyezoea amplifaya ya valvu huijua sauti yake kama mtu aijuavyo sauti ya jamaa yake anayebisha hodi, na kwa hiyo siku sauti ile inapopwaya, au inapoanza kuvuma pasipo sababu iliyo dhahiri, au inapokatika ghafla na kuacha kimya chenye harufu ya kuungua, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kufanya lolote, hima, mradi irudi. Nakusihi, ndugu msomaji, uuzuie mkono wako. Chombo kilichoharibika huanza kutoa ushahidi palepale, kwa macho, kwa masikio na kwa pua, na mtu akishabadili hiki na kugusa kile bila taratibu, ushahidi ule hupotea, na fundi ajaye nyuma yake hukuta kesi isiyo na shahidi hata mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja mpigaji aliniletea Fender Deluxe Reverb aliyoletewa na mjomba wake kutoka Marekani, amplifaya ya namna iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, yenye valvu mbili za 6V6 za kusukuma spika na rektifaya moja ya GZ34. Fyuzi yake ilikuwa imekatika mara mbili. Akanunua ya tatu, nayo ikakatika. Ndipo mwenzake akamshauri aizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ikawaka, ikalia kadiri ya wimbo mmoja, kisha ukatoka moshi. Nilipoifungua nilikuta rektifaya ndiyo iliyokuwa na kosa la asili, bamba lake limegusana na kathodi, jambo ambalo lingeponywa kwa valvu moja mpya. Walakini kwa sababu ya karatasi ile transfoma ya umeme nayo ilikuwa imeungua, vanishi imechuruzika hadi chini ya fremu ya bati na kuganda. Fyuzi ilisema kweli mara tatu. Tangu siku ile kila anijiaye na amplifaya iliyozimika humwomba kwanza anipe fyuzi iliyokatika, niitazame kwenye mwanga: ikiwa waya wake umekatika polepole katikati na kioo ni safi, aghalabu umeme ulizidi kidogo kwa muda mrefu, na ikiwa kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa fedha kwa ndani, hapo pana mgusano mkubwa uliotokea kwa ghafla.

Yafaa ufahamu kazi ya rektifaya kabla ya kuishuku. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, ilhali valvu za kukuza sauti hutaka umeme uendao upande mmoja tu, na wenye nguvu nyingi. Rektifaya ya valvu ni kama dema la mvuvi: samaki huingia kwa mdomo wake mpana, wala hapati njia ya kurudi alikotoka. Kathodi iliyopata moto hutoa elektroni, bamba huzivuta, na safari ya kinyume haiwezekani. Maarifa haya ndiyo yaliyoandikishwa London mwaka 1904 na John Ambrose Fleming, na valvu ya GZ34 ni mjukuu wa moja kwa moja wa valvu yake. Ndani ya kioo kimoja mna mabamba mawili yanayopokezana, moja likifanya kazi umeme unapokwenda na la pili unaporudi, na umeme utokao hapo huingia katika kapasita kubwa zinazouhifadhi kama mtungi uhifadhivyo maji, ili kisichotiririka sawasawa kitoke kwa utulivu.

Mtungi huo ndio wenye mauti ndani yake. Katika Deluxe Reverb pana volti zinazokaribia 415, na katika amplifaya kubwa zaidi hupita 450; nazo hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuzima swichi na kuchomoa waya ukutani, pengine kwa dakika chache, pengine kwa saa nyingi. Kwa hiyo usiingize kidole, bisibisi wala koleo chini ya fremu kabla hujazimwaga. Chukua rezista ya omu 10,000 ya wati 10, uifunge kwa waya wenye ngozi nene na klipu mbili, klipu moja uishike kwenye bati la fremu na ya pili kwenye ncha chanya ya kapasita, usubiri kwa muda wa kuvuta pumzi tano, kisha upime kwa mita, na usiamini mpaka mita ikuambie volti zimeshuka chini ya 20. Panapokulazimu kupima ilhali chombo kinawaka, mkono mmoja ukae mfukoni, viatu vyako viwe vikavu, na awepo mtu wa pili chumbani ajuaye swichi ya ukutani ilipo. Asiyeweza kutimiza haya na apate faida ya kusoma yanayofuata, lakini fremu aiache mikononi mwa fundi. Yapo mengi ya kufaa anayoweza kuyafanya kwa nje, kwa kubadilisha valvu tu.

Jambo jingine la kutangulia ni umeme wenyewe. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120, na umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa volti 230 au 240. Aichomekaye ukutani bila kusoma kibandiko cha nyuma huipa maradufu ya haki yake, na nyuzi za moto za valvu zilizotakiwa kupata volti 6.3 hupata zaidi ya 12. Hapo fyuzi ikiwa ni sahihi itakatika papo hapo na kuokoa mengi. Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme isiyo pungufu ya wati 300 kwa amplifaya ya kadiri hii, tena yenye njia ya waya wa ardhi. Na ikiwa chombo ni cha zamani chenye kebo ya pini mbili, fundi akufungie kebo ya pini tatu, waya wa ardhi ushikwe barabara kwenye bati, kwa sababu nyuzi za gitaa zimeungana na bati hilo, na mikono yako imeungana na nyuzi. Kumbuka pia kwamba umeme wa Marekani ni wa mitetemo 60 kwa sekunde na wetu ni wa 50, na transfoma iliyoundwa kwa 60 hupata joto zaidi kwetu. Joto la kustahimilika kwa kiganja si ugonjwa.

Sasa tuseme fyuzi hukatika kila uwashapo. Tengeneza kwanza chombo kidogo ambacho hakigharimu ila holda, balbu na kipande cha kebo: balbu ya uzi ya wati 60 au 100, ile ya zamani yenye joto na siyo ya kisasa ya LED, iliyofungwa mfululizo katika waya wa moto uendao kwenye amplifaya. Kukiwa na mgusano ndani, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na kuupokea yenyewe umeme ambao ungeunguza transfoma. Na kama chombo ni kizima, huwaka kidogo kisha hufifia. Chomoa rektifaya na valvu zote mbili za nguvu, weka fyuzi ya kipimo kilichoandikwa, uwashe. Balbu ikiwaka sana hata sasa, shutuma iko kwa transfoma ya umeme au nyaya za moto wa valvu, wala huna haja ya kununua valvu. Ikififia, zima, rudisha rektifaya peke yake, uwashe tena na usubiri nusu dakika, kwa maana GZ34 hupata moto polepole. Balbu ikipanda sasa, mkosa ni rektifaya au ni kapasita zinazoifuata. Ukiwa na rektifaya nyingine ya yakini, ibadilishe, nayo itakwambia ni ipi kati ya hizo mbili. Kama zote ni salama, rudisha valvu za nguvu moja baada ya nyingine, ukizima kila mara, na ile iletayo mwako wa balbu ndiyo mgonjwa wako.

Hadhari moja katika jaribio hilo: siku utakapolirudia bila balbu, kumbuka kwamba valvu za nguvu zisipokuwapo hakuna wa kunywa umeme, na volti hupanda. Transfoma ya Deluxe Reverb hutoa volti 330 kwa kila upande, na kilele chake ni 330 mara 1.414, yaani karibu 466. Kapasita nyingi za zamani ziliandikwa 450. Kwa hiyo angalia unachotaka kuangalia, uzime. Na mwenye mita asiyependa kuwasha chombo cha mashaka anaweza kuuliza swali lilelile kimya kimya: umeme umechomolewa, kapasita zimemwagwa, rektifaya imetolewa; weka ncha moja ya mita kwenye bati na ya pili kwenye tundu la pini ya 8 ya soketi ya rektifaya, uipime omu. Namba ikipanda taratibu, kapasita zinajaa kama ipasavyo. Ikikaa karibu na sifuri, umeupata mgusano. Kisha pima pini ya 4 na ya 6, zilizo njia za mabamba mawili: kila moja yapasa kuonyesha makumi ya omu hadi kwenye bati, na hesabu zao zikaribiane, upande usioonyesha chochote ni koili iliyokatika.

Koili iliyokatika, au bamba moja la rektifaya lililokufa, haikati fyuzi. Huleta mvumo, na hapa mpigaji gitaa ana elimu ambayo fundi wa redio hana. Rektifaya nzima, kwa kuwa mabamba yake mawili hupokezana, hugeuza mitetemo 50 ya umeme wetu kuwa 100. Hivyo kapasita zikichoka, mvumo utakaousikia ni wa mitetemo 100, nao u karibu sana na sauti ya G unayoipata ukibana freti ya tatu ya uzi wa sita, ule mnene. Piga noti hiyo taratibu, usikilize kama mvumo unakaa nayo. Ikiwa mvumo uko chini yake kwa oktavu nzima, huo ni wa mitetemo 50, na maana yake ama rektifaya inafanya kazi kwa bamba moja tu, ama umeme wa nyuzi za moto unavuja ndani ya valvu fulani, ama waya wa ardhi umelegea. Badilisha rektifaya kwanza. Mvumo usipoondoka, chomoa valvu ndogo moja moja kuanzia ile iliyo karibu na tundu la gitaa na kuelekea kwenye valvu za nguvu. Mvumo ukikoma ulipochomoa mojawapo, basi unaingilia hapo au kabla yake. Sijui kipimo cha bei nafuu kuliko uzi wa sita uliotiwa tyuni sawasawa.

Ziko rektifaya zisizokufa bali hudhoofika. Sauti huwa nyepesi, mapigo ya uzi mnene huporomoka na kurudi kwa kusitasita, na mita kwenye pini ya 8 huonyesha volti 370 pale palipotakiwa 415 au zaidi. Wapo waupendao mporomoko huo kidogo, nami ni mmoja wao, lakini kuupenda si sababu ya kuacha valvu inayotoa cheche. Ukiona mmweko wa buluu au mweupe ndani ya rektifaya wakati wa kuwasha, itoe siku hiyohiyo. Aghalabu cheche hizo huletwa na mtu anayebonyeza swichi ya kusubiri ilhali kathodi imekwisha pata moto na kapasita ni tupu, zikaufyonza umeme wote kwa mkupuo. Huletwa pia na kapasita ya kwanza iliyobadilishwa kwa kubwa mno, kwa kuwa GZ34 haikuruhusiwa na watengenezaji wake zaidi ya maikrofaradi 60. Fundi aweza kuilinda kwa diodi za 1N4007 kwenye njia ya kila bamba, nami hushauri mbili mfululizo kila upande, kwa maana diodi moja huvumilia volti 1000 na umeme wa kinyume hapa hufikia kama 930, na tofauti hiyo ni nyembamba mno.

Usidanganywe na umbo la tako. Valvu za GZ34, 5U4 na 5Y3 zote huingia katika soketi moja ya pini nane, lakini hazifanani tabia. GZ34 hutaka ampea 1.9 za moto na 5U4GB hutaka 3, mzigo ambao transfoma ndogo haikuandaliwa kuubeba. Na 5Y3 hupoteza volti nyingi njiani, hata ukiitoa na kuweka GZ34 katika amplifaya iliyoundwa kwa ajili yake, volti za ndani zitapanda kwa 40 au zaidi, valvu za nguvu zitapata joto, na raha ya siku ya kwanza utailipia. Soma karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku, uifuate.

Kwa upande wa valvu za nguvu, dalili ya kuogofya kuliko zote ni bamba kuwa jekundu. Zima taa za chumba, utazame. Uzi wa ndani kuwaka kwa rangi ya chungwa ni uzima. Mng'ao wa buluu unaotulia juu ya ngozi ya kioo ni kitu kisichodhuru, na valvu nyingi njema zinao. Mng'ao wa zambarau au waridi uliojaa katikati ya vyuma ni dalili ya gesi, na valvu hiyo imekwisha. Na ile rangi ya fedha iliyo kileleni ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imeingia na hakuna la kufanya. Lakini bamba lenyewe, lile bati la kijivu, likianza kuiva ubavuni kama chuma kwa mhunzi, zima upesi, kwani dakika moja au mbili zatosha kuua valvu na kuhatarisha transfoma ya spika.

Valvu zote mbili zikiwa nyekundu, tafuta kosa katika umeme hasi wa gridi, ambao mafundi huuita bayasi: valvu zikiwa zimetolewa, pima pini ya 5 ya kila soketi, na katika Deluxe Reverb utazamie karibu volti 35 hasi. Usipoziona, diodi au kapasita ndogo ya bayasi imekufa, na valvu mpya zitaungua kama zilivyoungua za zamani. Ikiwa nyekundu ni moja tu, zibadilishane mahali. Wekundu ukihama pamoja na valvu, valvu ni mbovu. Ukibaki katika soketi ileile, valvu haina hatia, na mshukiwa ni kapasita inayoleta sauti kwenye gridi, ambayo huanza kuvujisha umeme chanya, au pini iliyolegea. Tazama pia rezista ya gridi ya pili, iliyo kwenye pini ya 4, mara nyingi ya omu 470; iliyogeuka rangi na kutoa harufu imekwisha shuhudia kifo cha valvu iliyopita, nayo ibadilishwe pamoja nayo. Baada ya valvu mpya bayasi hupimwa upya: rezista ya omu 1 kati ya pini ya 8 na bati hukuonyesha milivolti zilizo sawa na miliampea, na kwa volti 415 miliampea 20 kwa kila valvu ni wati 8 na kidogo, ilhali 6V6 iliandikiwa 12.

Valvu ndogo za 12AX7 hazina mashaka makubwa. Igonge kila moja kwa kijiti cha mwanzi huku sauti imefunguliwa kiasi. Inayolia kama kengele au kupiga kelele ya chakari iondolewe katika nafasi ya mwanzo na kupelekwa nyuma, ambako haidhuru, au itupwe.

Neno la mwisho ni kwa wakaao pwani, ambako nimeona kesi nyingi za valvu zilizohukumiwa bure. Hewa ya chumvi huzila pini na soketi, na kutu nyembamba isiyoonekana huleta mikwaruzo, kukatika kwa sauti, hata bamba kuwa jekundu kwa sababu bayasi haikufika. Kabla ya kununua chochote, chombo kikiwa kimechomolewa na kapasita zimemwagwa, toa valvu, futa pini zake kwa kitambaa chenye spiriti, ingiza na utoe mara kadhaa. Kisha kwa ncha ya shazia sukuma taratibu kingo za kila tundu la soketi zikaribiane, mpaka valvu ishikwe imara kama ilivyoshikwa kiwandani. Ile Deluxe Reverb ya kijana yule, baada ya kupata transfoma na rektifaya, iliendelea kukwaruza kwa wiki nzima, naye akaanza kunitazama kwa shaka. Kosa lilikuwa pini ya 5 ya soketi ya pili. Nilipomaliza niliandika volti za kila pini katika karatasi, nikatia tarehe, nikaibandika ndani ya sanduku karibu na ile ya kiwandani, na fyuzi tatu zilizokatika nikazifunga kwa uzi chini yake.